Mawe, Dini na Maneno: Siku Moja Borobudur na Prambanan

Wahenga walisema tembea ujionee. Mwaka 2024 nilipata nafasi ya kwenda Yogyakarta, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, kuhudhuria mkutano wa walimu wa lugha. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, nasi wageni wanne tulichanga fedha tukakodi gari pamoja na mwongoza watalii, tukazunguka kutoka asubuhi hadi jua kuchwa katika mahekalu ya kale ya Wabudha na ya Wahindu.

Niliporudi Kampala nikawaonyesha picha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, mmoja wao aliniuliza: "Mwalimu, si ulituambia Indonesia ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani? Sasa wanatunzaje sanamu za dini za watu wengine?" Darasa zima lilinyamaza likisubiri jibu. Nilijibu kwa kifupi kwa kuwa kipindi kilikuwa kinakwisha, lakini jibu lile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo sawasawa, na kama atakavyoona msomaji, njia ya kulijibu inapita katika somo letu la lugha.

Tuliondoka mjini saa moja asubuhi. Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa makamo, mtulivu, na tangu mwanzo aliniita "Bu Guru". Neno ibu, ambalo hufupishwa kuwa bu, maana yake ni mama. Guru ni mwalimu. Naye tulimwita "Pak", yaani baba, ingawa hatukuwa na udugu wowote. Mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa adabu hiyo, kwani hata kwetu huwezi kumtaja mtu mzima kwa jina tupu. Neno guru ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Baba yule alikuwa Mwislamu, na alilitamka neno hilo bila kufikiri lilitoka wapi, kama sisi tunavyosema "mwalimu" bila kukumbuka Uarabuni.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Mendut, hekalu dogo la Kibudha lenye chumba kimoja cha giza. Ndani ameketi Budha wa jiwe mwenye kimo cha karibu mita 3, miguu imening'inia kama ya mtu aliyekaa kitini, na pande zake wameketi wawili wengine. Kila mwaka, katika sikukuu ya Vesak ya kuadhimisha maisha ya Budha, Wabudha huandamana kwa miguu kutoka hapa hadi Borobudur, umbali wa kilomita 3 hivi. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa zima tangu mwaka 1983, ingawa Wabudha hawafiki hata mtu mmoja katika kila mia.

Kutoka hapo tulikwenda Borobudur kwenyewe. Jengo hili lilijengwa kati ya mwishoni mwa karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9, wakati wa utawala wa ukoo wa Sailendra. Si hekalu la kuingia ndani. Ni kilima cha asili kilichovikwa mawe ya volkano, ngazi juu ya ngazi: sita za chini ni za mraba na tatu za juu ni za mviringo. Kileleni pana kuba kubwa la jiwe liitwalo stupa, nalo limezungukwa na stupa ndogo 72 zilizotobolewa mithili ya tenga, kila moja ikiwa na sanamu ya Budha ndani yake. Kwa jumla sanamu za Budha zilikuwa 504, na michongo ya ukutani ni mabamba 2,672. Mahujaji waliizunguka kila ngazi wakisoma michongo hiyo kama sisi tusomavyo kitabu ukurasa baada ya ukurasa, kisha wakapanda ngazi iliyofuata.

Tangu mwaka 2023 wageni hupanda kwa idadi maalumu, wakiongozana na mwongozaji, na kila mmoja hupewa kandambili za majani ya kusuka ili viatu vigumu visizidi kuyala mawe. Kandambili hizo huitwa upanat, neno jingine la Kisanskriti. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 2022, serikali ilikuwa imetangaza kwamba raia wangelipa rupia 750,000 na wageni dola 100 za Marekani ili kupanda juu. Wananchi walipiga kelele kwamba urithi wa taifa unageuzwa kuwa starehe ya matajiri, na mpango huo ukasitishwa. Wenyeji wa hapo wana kumbukumbu nyingine pia. Katika miaka ya 1980 familia za vijiji vilivyokuwa karibu na jengo zilihamishwa ili kupisha bustani inayolizunguka leo. Kwa hiyo tusidhani kwamba kulinda urithi ni jambo lisilo na gharama, na mara nyingi anayelipa si yule anayekuja na kamera.

Kwenye kona ya kusini-mashariki ya jengo, mwongozaji alituonyesha mahali ambapo mawe ya chini yaliondolewa ili kuacha wazi mabamba machache ya msingi wa awali. Hapa ndipo mimi, mwalimu wa lugha, nilipokaa muda mrefu kuliko wenzangu. Chini ya Borobudur umefichwa msingi wenye mabamba 160 ya michongo inayoonyesha matendo ya binadamu na malipo yake. Waliolijenga waliufunika wenyewe kwa ukuta mnene wa mawe. Baadhi ya wataalamu husema walihofia jengo lingeporomoka, wengine wanaona sababu ilikuwa ya kidini. Msingi huo uligunduliwa tena mwaka 1885. Mwaka 1890 na 1891 mabamba yote yalipigwa picha na Kassian Cephas, mpigapicha Mjava, kisha yakafunikwa tena. Tunachokijua leo juu ya sehemu kubwa ya msingi ule kinatokana na picha hizo.

Juu ya baadhi ya mabamba hayo yaligunduliwa maneno mafupi yaliyochorwa kwenye jiwe. Hayakuwa sala wala sifa za mfalme. Inaelekea yalikuwa maagizo kwa mafundi wachongaji: hapa chonga kitu fulani. Palipotakiwa watu wenye sura mbaya paliandikwa wirupa. Palipotakiwa peponi paliandikwa swarga. Maandishi hayo madogo ya kazini ndiyo yaliyowasaidia wataalamu kukadiria umri wa jengo, kwa kulinganisha umbo la herufi zake na maandishi mengine yenye tarehe. Ndugu msomaji, naomba ulishike hilo neno swarga, kwani tutalirudia.

Jengo hili halikupita karne zote hizo salama. Katika karne ya 10 makao ya ufalme yalihamia Java ya Mashariki, na baadaye, karne ya 15 na ya 16, wengi wa Wajava waliingia Uislamu. Majivu ya mlima Merapi na mimea ya msituni vikaliziba jengo. Mwaka 1814 Mwingereza Thomas Stamford Raffles, aliyekuwa akiitawala Java wakati huo, alipata habari zake akamtuma mhandisi Mholanzi, H. C. Cornelius, ambaye pamoja na watu 200 walikata miti na kuondoa udongo kwa muda wa miezi miwili. Vitabu vingi husema Raffles "aligundua" Borobudur. Nani, basi, aliyempa habari? Ni wenyeji, ambao hawakuwahi kulisahau. Walimu wa historia wanaofundisha kuhusu "ugunduzi" wa chanzo cha Nile watanielewa.

Mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Uholanzi ilimruhusu Mfalme Chulalongkorn wa Siam kuondoka na mikokoteni minane ya sanamu na michongo. Kati ya 1907 na 1911 mhandisi Theodoor van Erp alifanya ukarabati wa kwanza mkubwa. Maji ya mvua yaliendelea kuyala mawe kwa ndani, hata serikali ya Indonesia na UNESCO zikaamua kuzifumua ngazi za mraba jiwe kwa jiwe, kuweka mifereji, na kuzijenga upya. Kazi hiyo ilikamilika na jengo likafunguliwa mwaka 1983. Haikupita miaka miwili, tarehe 21 Januari 1985, mabomu yaliyotegwa na watu wenye siasa kali za kidini yaliharibu stupa 9. Zikajengwa upya. Mwaka 1991 Borobudur na Prambanan ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2010 Merapi ulilipuka na kulifunika jengo kwa majivu makali, na watu wakayasafisha mawe kwa mikono.

Kabla ya kuondoka hapo tuliingia katika jumba la makumbusho lililo ndani ya bustani kuangalia meli. Miongoni mwa michongo ya Borobudur mna vyombo kadhaa vya baharini vyenye matanga na magogo ya pembeni ya kuzuia chombo kisipinduke, kama yale ya ngalawa zetu za pwani. Mwingereza Philip Beale aliiona michongo hiyo akaamua kuijaribu baharini. Meli ilijengwa na fundi kutoka visiwa vya Kangean kwa kufuata mchongo, ikaitwa Samudra Raksa. Iliondoka Jakarta Agosti 2003, ikapita Ushelisheli, Madagaska na Cape Town, hadi ikafika Accra nchini Ghana Februari 2004. Leo imepumzishwa hapo Borobudur.

Safari hiyo ilikuwa ya majaribio, lakini safari za kale zilikuwa za kweli, na ushahidi wake mkubwa ni lugha. Kimalagasi, lugha ya Madagaska, si jamaa ya lugha za Kibantu bali ni ndugu wa lugha za kusini mwa Borneo. Hata hivyo Wamalagasi humwita ng'ombe omby, kuku akoho, kondoo ondry na mbwa amboa. Wanyama hao walipewa majina na Wabantu. Aidha nahodha Mwajemi wa karne ya 10, Buzurg ibn Shahriyar, ameandika kwamba mwaka 945 watu wa Waqwaq walivuka bahari kwa mashua nyingi wakaushambulia mji wa Qanbalu, ambao wataalamu wengi huuweka Pemba. Walisema wamekuja kutafuta pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui na ambari, na pia watumwa wa Zanj.

Neno Zanj, ambalo limo katika jina Zanzibar, limo pia katika maandishi ya Kijava cha Kale kwa umbo la jenggi, nalo hutajwa miongoni mwa watumwa. Nilipokuwa nimesimama mbele ya meli ile nzuri sikuweza kulisahau neno hilo. Wako watu wa pwani yetu waliofika upande ule wa bahari, na hawakufika kama watalii.

Ilipokaribia saa sita mchana mwongozaji alituomba radhi: ilikuwa Ijumaa, naye alitaka kwenda kuswali. Tukaegesha gari karibu na msikiti wa kijijini, sisi tukaketi katika mkahawa mdogo kando ya barabara tukila wali. Hotuba ilisikika kwa kipaza sauti. Sijui Kiindonesia, lakini nilianza kuokota maneno. Nilisikia dunia, nikasikia akhirat, nikasikia waktu: ndugu zetu, yale yale ya Kiarabu tuliyonayo sisi. Kisha nikasikia dosa, na neraka, na mara surga. Mwenzangu mmoja Mmalesia alinifasiria: dosa ni dhambi, neraka ni jehanamu, surga ni pepo.

Surga ni swarga. Neno ambalo fundi mmoja alilichora kwenye jiwe la Borobudur zaidi ya miaka 1,100 iliyopita ili mwenzake ajue achonge nini, imamu wa kijiji alikuwa akilitumia mchana ule kuwahimiza Waislamu watende mema. Dini ni agama, neno la Kisanskriti. Kufunga ni puasa, la Kisanskriti pia. Kuswali ni sembahyang, neno lenye hyang ndani yake, ambalo kwa Wajava wa kale lilikuwa jina la miungu na mizimu ya wahenga. Wajava walipobadili dini hawakubadili kinywa.

Na sisi je? Waswahili waliingia Uislamu kwa karne nyingi na wakapokea maneno mengi ya Kiarabu, lakini waliendelea kumwita Muumba kwa jina la Mungu, neno la Kibantu lenye asili moja na Mulungu wa Wayao, Wagogo na Wagiriama. Wamisionari walipokuja nao wakalikuta, wakalitumia. Leo Mwislamu na Mkristo wa Afrika Mashariki humwomba Mungu kwa jina walilolirithi kwa mababu ambao hawakuwa Waislamu wala Wakristo. Hakuna anayeona ajabu.

Alasiri tulifika Prambanan, kilomita 17 hivi mashariki ya Yogyakarta. Hili ni hekalu la Wahindu. Maandishi ya mwaka 856 yanaeleza kuwekwa wakfu kwa jengo la Shiva ambalo wataalamu wanaamini ndilo hili. Hapo awali palikuwa na mahekalu 240 katika uwanja mmoja. Kubwa kuliko yote ni la Shiva, lenye urefu wa mita 47, na kando yake yapo ya Brahma na Vishnu. Kwenye kuta za ndani za kibaraza imechongwa hadithi ya Rama na mkewe Sita aliyetekwa nyara.

Wenyeji wana hadithi yao. Binti mfalme Roro Jonggrang alichumbiwa na mtu asiyemtaka, akamtaka amjengee mahekalu elfu kwa usiku mmoja. Mchumba akawaita majini wamsaidie. Yalipobaki machache, binti akawaamsha wanawake watwange mpunga na kuwasha moto ili majogoo yawike yakidhani kumekucha. Majini yakakimbia yakiwa yamemaliza 999. Mchumba kwa hasira akamlaani binti akawa jiwe la kutimiza elfu. Sanamu inayoonyeshwa kuwa ndiye yeye, kwa hakika ni ya Durga, mungu wa kike wa Kihindu. Hivyo ndivyo hadithi za watu zinavyofanya kazi: wenyeji waliposahau mungu yule ni nani, walimpa jina na kisa ili asiwe mgeni kwao.

Tulipotazama kutoka lango la uwanja tuliona marundo ya mawe kila upande. Kanuni inayofuatwa ni kwamba hekalu halijengwi upya mpaka angalau robo tatu ya mawe yake ya asili yapatikane. Hekalu la Shiva lilianza kushughulikiwa na Waholanzi tangu mwaka 1918, likamalizwa na Waindonesia wenyewe na kuzinduliwa na Rais Sukarno mwaka 1953. Tarehe 27 Mei 2006 tetemeko la ardhi lililoua watu zaidi ya 5,700 katika eneo hilo liliangusha tena mawe mengi, na mafundi wakaanza kazi upya. Tangu mwaka 1961 hadithi ya Rama huchezwa kwa ngoma mbele ya mahekalu haya, na wachezaji wengi ni Waislamu.

Mwendo mfupi kaskazini mwa Prambanan lipo Sewu, kundi jingine la mahekalu, safari hii ya Kibudha. Wahindu na Wabudha walijenga wakitazamana. Maandishi ya mwaka 792 yaliyopatikana Sewu hayakuandikwa kwa Kijava bali kwa Kimalay cha Kale. Kimalay kilikuwa lugha ya bandarini na ya biashara, kama Kiswahili, na tayari kilikuwa kimefika katikati ya nchi ya Wajava.

Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wazalendo waliokutana Batavia, ambayo sasa ni Jakarta, waliapa kuitukuza lugha hiyo kuwa lugha ya umoja, wakaiita Kiindonesia. Wajava, ambao ni takriban watu wanne katika kila kumi na wana fasihi ya zaidi ya miaka elfu, walikubali lugha ya wachache. Mwaka huo huo wa 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tofauti ni kwamba kule walioamua walikuwa vijana wa nchi, na kwetu walikuwa maofisa wa kikoloni na wamisionari. Nadhani tofauti hiyo ingali inatugharimu. Hapa Uganda Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini bado mwanafunzi hutuuliza kwa nini ajifunze lugha ya watu wengine.

Sasa nirudi kwa swali la mwanafunzi wangu. Njiani tukirejea mjini nilimuuliza mwongozaji swali hilo hilo: wewe ni Mwislamu, sanamu hizi ni zako? Alinyamaza kidogo akasema: "Bu Guru, sala yangu si ya hapa. Lakini mikono iliyochonga ni ya babu zangu." Nikamuuliza kuhusu mabomu ya mwaka 1985. Akasema tu kwamba waliofanya vile walikuwa wameghadhibika, na mawe hayakuwa na kosa. Mwezi Februari 2022 serikali yao ilitia saini makubaliano ya kuwaruhusu Wabudha na Wahindu kuyatumia mahekalu haya kwa ibada zao. Wenye wazee na wenye sala, kila mmoja ana haki yake.

Sisi nasi tuna mtihani wetu. Makaburi ya Kasubi yalipoungua tarehe 16 Machi 2010, nilisikia watu waliosema ni hasara ya Wabaganda, na wengine wakasema ni nyumba za mizimu, ziache ziungue. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na ni mwaka 2023 tu ndipo yalipoondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Waliosema vile husema "Mungu" kila siku, na hawajui kwamba wamelishika mkononi jiwe la jengo lile lile.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Tunapofundisha asili ya maneno, tusiishie kuorodhesha hili la Kiarabu, lile la Kireno, hili la Kibantu. Tuwaulize wanafunzi: neno hili limepita mikono ya nani, na kwa nini halikutupwa? Bendera na meza tulizipata kwa Wareno, na Waindonesia nao wana bendera na meja kwa Wareno hao hao. Mkoloni aliondoka, bendera tukaifanya yetu. Mwanafunzi akilielewa hilo, hataniuliza tena kwa nini Mwislamu analinda Borobudur, wala kwa nini Mganda, Mnyankole au Mwacholi afundishwe Kiswahili.